Umeanza Wesnoth na mambo hayaendi: tuanze kukagua wapi?

Jumamosi baada ya swala ya alasiri, vijana wanne watano hufika nyumbani kwetu Tudor, Mombasa, wakiwa na laptopu zao, na kazi ya siku ni moja: The Battle for Wesnoth. Tangu tuanze nimesikia malalamiko mawili tu, kila wiki kwa sauti mpya. La kwanza, "mtandao mbovu." La pili, "mimi sina bahati." Nimekaa nao bega kwa bega, nikatazama skrini zao, na mara nyingi tumekuta kisa ni kingine kabisa, tena cha kurekebishwa kwa dakika chache. Ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu kwa kufuata dalili. Tafuta iliyokupata, soma hapo, kisha urudi mchezoni.

Kwa asiyeujua: huu ni mchezo wa mkakati, wa zamu kwa zamu, katika ulimwengu wa kubuni wenye mazimwi, wachawi, vibete wa milimani na wafu wanaotembea. Mwanzilishi wake ni David White, aliyeutoa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na hadi leo ni wa bure, msimbo wake uko wazi, na watu wa kujitolea ndio wanaouendeleza. Unachezwa kwenye Windows, macOS na Linux. Ramani imegawanywa kwa vigae vya pembesita. Una kiongozi, ngome na dhahabu. Unaajiri askari, unateka vijiji, na kwa kawaida ukimuua kiongozi wa mwenzako umeshinda. Hauhitaji kompyuta ya bei kubwa. Laptopu ya mtumba kutoka mjini inautosha.

"Nimeingia ukumbini, lakini hakuna mtu"

Hili ndilo la kwanza kwa karibu kila mgeni. Umebofya Multiplayer, umeunganishwa na seva rasmi, unaona orodha tupu au watu watatu waliolala.

Kagua toleo lako kwanza. Nambari yake imeandikwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa mchezo. Wachezaji wa mtandaoni hutenganishwa kwa matoleo: mwenye 1.16 hawezi kukaa meza moja na mwenye 1.18. Mfululizo wa 1.18 ulianza Machi 2024, na walio wengi wakahama nao. Aliyebaki nyuma amebaki kwenye ukumbi uliohamwa. Wanaonaswa zaidi ni wa Linux, kwa kuwa duka la programu la mfumo wao huweza kukaa na toleo la zamani kwa miaka. Ujue pia kwamba nambari ya kati ikiwa shufwa, kama 16 au 18, hilo ni toleo tulivu la kuchezea. Ikiwa witiri, kama 17 au 19, ni la majaribio, na wachezaji wake ni wachache. Kijana mmoja wetu alipakua la witiri kwa kuwa nambari ilikuwa kubwa zaidi, akakaa wiki nzima akingoja mpinzani. Pakua toleo tulivu la karibuni kutoka tovuti rasmi ya mchezo. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo lifanye penye Wi-Fi, usile bando lako.

Toleo likiwa sawa, tazama saa. Ukumbi huchangamka jioni za Ulaya, na kwetu hapo ni usiku. Asubuhi ya Mombasa utakuta umepoa, si kwamba umeharibika.

Saa zenyewe zina mtego wake kwetu Waswahili. Mpinzani akikuandikia mkutane 20:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza saa tatu upate 23:00, kisha igeuze kwa saa yetu: ni saa 5 usiku. Nimewaona watu wawili wakiingia saa 2 usiku kwa kuona hiyo 20, wakangoja, wakaondoka na hasira, na mpinzani naye akafika kwa wakati wake asikute mtu. Kama mpinzani yuko Ujerumani na anakutajia saa za kwao, kumbuka wao husogeza saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatusogezi: saa 20:00 yao ni saa 3 usiku wetu wakati wa kiangazi chao, na saa 4 usiku wakati wa baridi yao. Muombe akupe UTC, umalize ubishi.

"Haiunganishi kabisa"

Usifute mchezo ukauweka upya. Najua mkono huwasha kufanya hivyo, lakini ni mara chache sana umesaidia.

Fanya jaribio moja: zima Wi-Fi uliyomo, washa hotispoti ya simu, jaribu tena. Ikiunganisha, laptopu yako ni nzima na mchezo wako ni mzima. Aliyefunga njia ni mtandao ule wa kwanza. Wesnoth huongea na seva yake kupitia mlango (port) nambari 15000, na mitandao mingi ya vyuo, ofisi na saiba huruhusu kurasa za wavuti tu na kufunga milango mingine yote. Hapo muombe msimamizi kwa adabu aufungue, au tumia hotispoti. Bando halitakwisha upesi kama unavyohofia, maana kinachosafiri kati yako na seva ni maagizo tu, askari huyu aende pale, ampige yule. Picha na sauti zote zimo tayari kwenye laptopu yako.

Isipounganisha hata kwa hotispoti, jaribu kufungua ukurasa wowote wa wavuti. Zipo siku ambazo tatizo liko chini ya bahari. Intaneti yetu yapita kwenye nyaya zinazotua papa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, Afrika Mashariki nzima ikaburura. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha mezani kwako. Lakini kwa kuwa mchezo ni wa zamu, mtandao wa kuburura bado huuweza. Video ikigoma na ukumbi ukafunguka, cheza.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa maskani hawaijui na inaniuma kuona wakipoteza pesa: hamhitaji intaneti hata kidogo mkiwa nyumba moja. Mmoja huanzisha mchezo kama mwenyeji wa mtandao wa ndani, wengine hujiunga kwa anwani ya IP ya laptopu yake, wote mkiwa kwenye ruta moja hata kama ruta yenyewe haina intaneti. Windows ikimuuliza mwenyeji kama auruhusu mchezo kupita ukuta wa usalama (firewall), akubali. Mkiwa na laptopu moja tu, chagua mchezo wa papo hapo na mpokezane kiti kila zamu.

"Linakataa jina langu"

Jina hilo limesajiliwa na mtu mwingine. Jina lisilosajiliwa huingia bila nywila. Lililosajiliwa hudai nywila. Chagua jingine, au usajili lako kwenye tovuti ya mchezo. Kusajili kuna faida, kwa sababu baadhi ya wenyeji huweka sharti kwamba waliosajiliwa tu ndio waingie, na mgeni akibofya hufukuzwa bila kuelewa kosa lake.

"Unadai kitu nisicho nacho," au mchezo wakatika na kusema hatulingani

Mwenyeji anatumia nyongeza, yaani ramani au makundi yaliyotengenezwa na wachezaji. Mchezo wenyewe utakuuliza kama unataka kuzipakua, kubali. Ujumbe wa kwamba laptopu mbili hazilingani, ambao wachezaji huufupisha OOS, mara nyingi hutoka hapo hapo: wewe una nyongeza ya mwezi jana, mwenzako ana ya leo, na hesabu za mashine mbili zimeachana. Sasisheni wote wawili. Na kama ulichezea mafaili ya ndani ya mchezo ili askari wako wawe na nguvu zaidi, rudisha yalivyokuwa. Kwa mwezi wa kwanza nakushauri ucheze bila nyongeza yoyote.

"Dhahabu imeniishia na mwenzangu bado aajiri"

Sasa tumeingia mchezoni kwenyewe, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa kuwa hapa ndipo watu hukata tamaa.

Hesabu ya dhahabu ni fupi. Kila zamu unapata 2 bila kufanya lolote. Kila kijiji ulichoteka kinaongeza kiasi alichokiweka mwenyeji, tuseme 2. Kila askari hukugharimu kila zamu dhahabu sawa na ngazi yake, isipokuwa kiongozi, ambaye halipiwi. Na kila kijiji kinabeba gharama ya ngazi moja kwa niaba yako. Kwa hiyo kijiji hulipa mara mbili, kikikupa na kikikupunguzia.

Tuseme una askari saba wa ngazi ya kwanza na vijiji vitatu. Unapata 2 na 6, jumla 8. Gharama ni 7 toa 3, yaani 4. Mkononi yabaki 4. Mwenzako ana askari saba na vijiji saba: 2 na 14 ni 16, gharama hakuna. Askari wa mkuki, Spearman, ananunuliwa kwa dhahabu 14. Yeye anaajiri mmoja karibu kila zamu, wewe mmoja kwa zamu nne. Baada ya zamu kumi hakuna ujuzi utakaokuokoa.

Basi chanzo cha kufilisika kiko zamu mbili tatu za mwanzo, wakati hakuna hata panga lililochomolewa. Mgeni huajiri wote, akawaongoza kundi zima barabara ya kati kwenda kutafuta adui. Usifanye hivyo. Kabla ya kuajiri, tazama ramani uhesabu vijiji vya upande wako, halafu muweke kila askari kwenye kigae cha ngome kilicho karibu na kijiji atakachokwenda. Nunua mmoja mwenye mbio kwa vijiji vya mbali: mpanda farasi, mpanda mbwamwitu, au popo, kulingana na kundi lako. Zamu ya tatu au ya nne kila kijiji cha upande wako kiwe na bendera yako.

Kiongozi naye asiondoke bila sababu. Akiwa nje ya kigae kikuu cha ngome hawezi kuajiri, na akikutwa peke yake uwanjani mchezo umekwisha, hata kama jeshi lako lote lingali hai.

"Kila nikipiga nakosa"

Hili ndilo lenye machozi. Nimemwona kijana wa miaka kumi na sita akifunga laptopu kwa kishindo, akisema mchezo umemwonea. Tuliifungua tena pamoja, tukaenda kwenye menyu, tukafungua dirisha la takwimu. Dirisha hilo huonyesha madhara uliyofanya na uliyopata, na kando yake madhara yaliyotarajiwa kwa hesabu. Ya kwake yalikuwa juu ya matarajio. Bahati ilikuwa upande wake, na bado alikuwa akishindwa.

Kwa hiyo hicho ndicho kipimo cha kwanza. Fungua takwimu. Ukikuta umepata chini sana ya matarajio, basi kweli siku hiyo haikuwa yako, cheza mwingine. Ukikuta umekaribia matarajio, tatizo ni pale unapopigania.

Katika Wesnoth, nafasi ya pigo kumpata mtu hutegemea kigae alichosimama yule anayepigwa. Chako wewe mpigaji hakihesabiki. Binadamu wa kawaida, kama huyo Spearman, ana kinga ya asilimia 60 akiwa kijijini, ngomeni au mlimani; 50 kilimani na msituni; 40 kwenye nyasi tupu; na 20 tu kwenye maji ya kina kifupi. Maana yake, akiwa majini mapigo manane kati ya kumi yatampata.

Spearman hupiga mara tatu. Akimpiga aliye kijijini mwenye kinga ya 60, uwezekano wa kukosa mara zote tatu ni asilimia 21.6. Ni zaidi ya mara moja katika kila tano! Si jambo la ajabu, ni jambo la kila mechi. Akimpiga huyo huyo kwenye nyasi, kukosa zote tatu kunashuka hadi asilimia 6.4. Akimpiga majini, haifiki asilimia moja. Askari ni yule yule, mkuki ni ule ule.

Ami yangu ni mtu wa bao, amecheza miaka mingi, kete zake thelathini na mbili anazijua kama vidole vyake. Katika bao hakuna dadu. Ukishindwa ni wewe. Siku moja alivuta kiti nyuma yangu akanitazama nikiwatupa askari wangu mmoja mmoja kwa elfu (Elves, watu wa msituni wa mchezo huu) waliojipanga mwituni, ambako wao hukwepa zaidi ya nusu ya mapigo. Akaniuliza, "Mwanangu, wamfuata msituni wa nini? Si umngoje atoke?" Hakuwa amegusa mchezo huu hata siku moja, na alikuwa ameona kosa ambalo mimi nililiita bahati mbaya kwa miezi.

Basi fanya hivi. Kabla ya kubofya shambulio, soma asilimia kwenye dirisha linalofunguka. Hapo hapo kuna kitufe cha hesabu za madhara kinachokuonyesha uwezekano wa kila matokeo. Jipange ili zamu yako ikiisha, wako wawe vijijini na vilimani, na wake wasiwe na pa kusimama ila nyasi au maji. Na kama ni lazima umtoe adui mahali pazuri, mpeleke Mage: mapigo yake ya uchawi yana asilimia 70 ya kupata popote adui aliposimama. Ni ghali, ni dhaifu akifikiwa, lakini kwa kazi hiyo hana mfano.

"Mchana nilikuwa nashinda, usiku nimefagiliwa"

Siku ya Wesnoth ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, na zamu mbili za usiku. Askari wa tabia ya mwanga, wengi wao binadamu wa kundi la Loyalists na mazimwi wa Drakes, hupiga kwa asilimia 25 zaidi mchana na asilimia 25 pungufu usiku. Wa tabia ya giza, kama orki na wafu, ni kinyume. Elfu na vibete hawaathiriki. Alfajiri na magharibi wote wako sawa.

Asilimia 25 yaonekana ndogo ukiisoma. Iweke kwenye hesabu. Spearman hupiga 7 mara tatu. Orcish Grunt, orki wa upanga, hupiga 9 mara mbili. Mchana mkuki unakuwa 9 na upanga unakuwa 7: wako akipata zote anatoa 27, wake 14. Usiku mkuki unashuka hadi 5 na upanga unapanda hadi 11: wako 15, wake 22. Hakuna aliyebadilisha jeshi. Jua tu limezama.

Mtu wa pwani hapaswi kufundishwa hili mara mbili. Maji hujaa kama saa sita, yakapwa kama saa sita, na mvuvi wa Mtongwe hapangi kazi yake bila kujua yako wapi. Cheza vivyo hivyo. Ukiwa na binadamu, fika kwenye mapigano asubuhi, piga kwa nguvu zako zote zamu mbili za mchana, na magharibi anza kurudi nyuma kwenye vijiji vyako. Askari aliyeanza zamu kijijini hupona alama 8 za uhai, au akiwa na sumu, humtoka kwanza. Mwache orki akufuate usiku hadi kwenye ngome yako na vilima vyako, apige huku wewe una kinga ya 50 au 60 na yeye yuko kwenye nyasi. Alfajiri atakuwa mbali na kwao, amejeruhiwa, na maji yameanza kukujalia wewe.

Kosa la mgeni ni kuona kurudi nyuma ni aibu. Nimewaambia vijana wangu mara nyingi, na nitawaambia tena: anayerudi magharibi akiwa na askari wote wazima ndiye nitakayemwekea dau.

Angalizo dogo: usihesabu kwamba zamu ya kwanza lazima iwe alfajiri. Mwenyeji anaweza kuruhusu siku ianze wakati wowote. Tazama picha ya anga pembeni mwa skrini kila zamu.

"Mifupa haifi"

Umeajiri mikuki minane, adui ameleta Skeleton, na kila ukimchoma unampunguzia 3. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mifupa hupunguza asilimia 60 ya madhara ya kuchoma na 40 ya kukata, kwa hiyo 7 ya mkuki inabaki 3. Lakini rungu na moto humuumiza asilimia 20 zaidi. Heavy Infantryman, yule wa deraya nzito na rungu, hupiga 11 mara mbili, na juu ya mifupa kila pigo linakuwa 13. Moto wa Mage, 7, unakuwa 8, na asilimia zake 70 ziko pale pale.

Chanzo basi ni kuajiri kabla ya kujua. Zamu ya kwanza ajiri mchanganyiko, bakisha dhahabu ya mmoja au wawili ikiwezekana, kisha adui akionekana jibu kwa anachokileta. Elekeza kishale juu ya askari yeyote, wako au wake, usome ukinzani wake kwenye maelezo. Mchezo huu haufichi kitu, ukiuliza utajibiwa.

"Askari wangu amegoma kusogea"

Hajagoma, ameingia eneo la himaya. Kila askari wa ngazi ya kwanza na kuendelea hutawala vigae sita vinavyomzunguka, na adui akikanyaga kimojawapo mwendo wake wa zamu hiyo umekwisha. Wenye sifa ya kupenya tu ndio hawazuiliki, na wa ngazi ya sifuri, kama maiti zinazotembea, hawazuii mtu.

Ukishaelewa, kikwazo kinageuka silaha. Askari wawili wakiacha vigae viwili wazi kati yao, adui wa kawaida hawezi kupita hapo kwa zamu moja, kwa sababu kila kigae cha pengo kinaguswa na mmoja wao. Huhitaji ukuta wa watu kumi kulinda majeruhi wako. Watu wanne waliopangwa vizuri wanafunga njia pana.

"Muda uliisha kabla sijamaliza"

Mwenyeji aliweka saa. Mwanzoni tafuta michezo isiyo na saa, au anzisha wako. Na ikiwa hujapita kwenye mafunzo ya ndani ya mchezo, ambako mzee Delfador anakuongoza hatua kwa hatua, pita kwanza. Kisha kampeni ya The South Guard, ambayo imetengenezwa kwa wageni. Siku mbili za peke yako zitakuokoa wiki mbili za aibu usiyostahili. Ukumbini, mchezo ukianza watu huandikiana "gl hf" kutakiana heri, na ukiisha huandika "gg" kupongezana. Andika nawe, hata ukiwa umepigwa vibaya. Mwambie mapema kwamba wewe ni mgeni. Wengi watakueleza kosa lako mechi ikiisha, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya nusu ya niliyoyaandika hapa.

"Stima imekatika katikati ya mchezo"

Usimlaumu mwenzako akidhani umekimbia, wala usijilaumu wewe. Laptopu ikiwa na betri, ni ruta iliyozimika: washa hotispoti, ingia tena kwa jina lile lile, tafuta mchezo wenu kwenye orodha, jiunge kama mtazamaji. Ukitoka, mwenyeji huulizwa afanye nini na upande wako, na anaweza kuuacha usimame tu. Ukirudi, aandike :control, nambari ya upande wako, kisha jina lako, mfano :control 2 na jina, na jeshi linarudi mkononi mwako.

Kama naye ameshatoka, hakuna kilichopotea. Mchezo hujihifadhi wenyewe kila zamu kwenye laptopu zote mbili. Mtumieni ujumbe mkubaliane saa, kwa UTC. Mmoja wenu aanzishe mchezo kwa kupakia faili la zamu ya mwisho, mwingine ajiunge kwa jina alilokuwa nalo, na kila mtu atakuta askari wake pale pale alipowaacha.